Fundi wa Skynet na Mizani ya Pamba

Aliyekulia Bariadi, Maswa au Lamadi anazijua muvi za maroboti hata kama hajawahi kukanyaga jumba la sinema. Tumezionea kwenye vibanda umiza: banda la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, joto la kutosha, na sauti ya mtafsiri inayokueleza kwa Kiswahili nani stelingi na nani adui. Lufufu na DJ Mark wamewafanya wengi wetu tuamini kwamba Arnold Schwarzenegger ni mtoto wa Manzese.

Sheria ya kibandani ni fupi. Stelingi hafi. Adui anakufa mwishoni. Katikati wapo watu wa kupita, ambao ukishatoka nje hata majina yao huyakumbuki. Makala hii inamhusu mmoja wa hao wa kupita, kwa sababu sisi tunaosoma TEHAMA, uhandisi na takwimu hatuelekei kuwa stelingi, na kuwa adui Mungu apishe mbali. Tunaelekea kuwa yule wa katikati.

Anaitwa Miles Dyson. Yumo kwenye Terminator 2 ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1991. Ni mhandisi wa kampuni ya Cyberdyne, mtu mpole, ana mke na mtoto, na hata siku ya mapumziko mke wake analalamika kwamba bado yuko kwenye kompyuta. Kampuni yake imeokota chipu na mkono wa chuma wa roboti aliyepondwa kwenye muvi ya kwanza, ile ya 1984. Dyson anavichambua, na kutokana navyo anabuni prosesa ambayo baadaye itaendesha Skynet, mfumo wa kijeshi utakaowageuka binadamu na kuua watu bilioni 3.

Dyson hayo hayajui. Lakini kuna namna mbili za kutojua. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba siku moja aliwauliza wakubwa zake hiyo chipu imetoka wapi. Wakamwambia asiulize. Basi hakuuliza tena, akaendelea na kazi, maana kazi ilikuwa tamu na mshahara mzuri.

Hapo ndipo tunapotakiwa kubonyeza pozi. Sio pale lori linapolipuka, sio pale roboti wa zebaki anapopenya kwenye nondo. Pale mtaalamu anapouliza swali sahihi, anajibiwa nyamaza, naye ananyamaza.

Anapoelezwa kitakachotokea, Dyson analalamika kwamba anahukumiwa kwa mambo ambayo hajayatenda bado, na kwamba yeye na wenzake wangejuaje. Ni jibu la mtu mwaminifu. Ni jibu pia ambalo wengi wetu tumeshaanza kulifanyia mazoezi tangu mwaka wa pili: mteja ndiye alitaka hivyo, mimi nilipewa mahitaji nikaandika programu, mengine waulizwe wenye ofisi. Tofauti ni kwamba Dyson hakujificha humo kwa muda mrefu. Usiku uleule anawaongoza mwenyewe hadi ofisini kwake kuteketeza kazi yake ya miaka, na humo humo anafia.

Kuna atakayesema, ndugu mwandishi, muvi ni starehe, tuachie. Sawa, lakini starehe nyingine zina mkono mrefu. Juni 1983 Rais Ronald Reagan wa Marekani aliangalia WarGames, muvi ya kijana anayejipenyeza kwenye kompyuta ya jeshi kwa simu ya nyumbani, nusura aanzishe vita ya nyuklia. Siku chache baadaye akawauliza majenerali wake kama jambo hilo linawezekana kweli. Walipochunguza wakarudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Mwaka uliofuata, 1984, akasaini mwongozo wa usalama wa mifumo ya kompyuta ya serikali. Mtu mmoja kaangalia muvi, kauliza swali, na safari hii aliyeulizwa hakumwambia anyamaze.

Hizi muvi zina udhaifu mmoja mkubwa, na afadhali tuuseme mapema. Zinatuzoesha kutegemea madhara yenye kelele: mji unawaka moto, roboti ana macho mekundu, watu wanakimbia. Madhara mengi yanayotengenezwa na watu wa fani yetu hayana mlipuko. Yana nusu kilo.

Nusu kilo ya nini? Tuje nyumbani.

Simiyu ulikuwa mkoa mwaka 2012, na ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Ukipita msimu wa ununuzi, kuanzia Mei hivi, utaona mikokoteni ya ng'ombe imepanga foleni kwenye vituo vya AMCOS, marobota ya turubai, watoto juu ya pamba, karani mezani. Na kwa kuwa sisi ni wasomi wa zama hizi, kila mwaka hakosekani mwanafunzi anayetaka kufanya mradi wake wa mwisho uwe mfumo wa kusimamia AMCOS: mizani ya kidijitali, taarifa za mkulima, malipo kwa simu. Ni mradi mzuri. Walimu wanaupenda, na unaonekana vizuri kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi.

Tuseme mwanafunzi huyo, anapotengeneza hifadhidata, safu ya uzito anaiweka iwe ya namba kamili. Hana nia mbaya. Usiku umekwenda, na somo la kesho hajaligusa. Mizani inaonyesha kilo 47.8, mfumo unaandika 47. Inaonyesha 31.3, unaandika 31. Hapo haukadirii kwenda juu na chini, unakata tu mkia. Katika kila upimaji mkulima anapoteza wastani wa nusu kilo hivi.

Sasa piga hesabu. Tuseme kituo kinapima mara 4,000 kwa msimu. Hizo ni karibu tani 2. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, ili hesabu iwe nyepesi. Ni karibu shilingi milioni 2 kwa kituo kimoja. Mkulima aliyepima mara 12 amepoteza kama shilingi 6,000, madaftari ya mtoto na chumvi ya nyumbani. Hakuna hata mmoja atakayeandamana kwa shilingi 6,000. Wengi hawatajua.

Na hakuna mwizi kwenye hadithi hii, hilo ndilo linalonisumbua. Mizani ni sahihi. Wakala wa Vipimo wakija watakuta mizani haina tatizo, kwa sababu kosa liko mbele ya mizani, ndani ya programu. Karani ni mwaminifu. Lakini ile pamba haikuyeyuka. Imo ghalani, tani 2 zisizo na mwenyewe kwenye karatasi, na pamba isiyo na mwenyewe huwa haikawii kumpata. Msimu wa kwanza lilikuwa kosa la kijana wa chuo. Msimu wa pili kuna mtu ameshagundua ziada ile inatoka wapi, naye hatampigia simu kijana wa chuo kumwambia.

Dyson angeuliza: ningejuaje? Jibu halihitaji roboti kutoka siku zijazo. Ungejua kama ungeenda kusimama kituoni siku moja ya ununuzi, jua la saa nane, ukamsikia mama mmoja anamwambia karani, "Mwanangu, mbona hiyo nane hujaisoma?" Mahitaji ya mfumo hayapatikani yote ofisini kwa mwenyekiti wa chama. Mengine yako kwenye foleni.

Wazee wetu walilielewa jambo hili kabla hatujaona kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma, wakati huo Bariadi ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa ndani ya Jimbo la Ziwa, waliuza pamba kwa wafanyabiashara ambao mizani ilikuwa yao, karani wao, na daftari lao. Wakulima walihisi wanapunjwa. Wangeweza kwenda kuomba wanunuzi wawe na roho nzuri. Badala yake wakaajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka kwenye magulio kuhakiki kile ambacho mizani ya mnunuzi inasema. Paul Bomani alikuwa mmoja wa vijana walioongoza harakati hizo, na kutokana nazo vikakua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika Victoria, moja ya mashirika makubwa ya wakulima Waafrika kuwahi kutokea.

Mpimaji wa pili. Ukiniuliza muvi za kisayansi zinakosa nini, nitakujibu kwamba zinamkosa huyo. Karibu katika kila moja kuna mashine yenye nguvu na hakuna mtu mwingine yeyote mwenye mizani yake. Adui anapoanza fujo, inabidi aitwe stelingi mwenye bunduki, kwa sababu hakukuwa na karani wa pili mwenye kalamu.

Kwenye mradi wa AMCOS mpimaji wa pili anaandikika, wala si kazi ngumu. Uzito uhifadhiwe kama mizani ilivyousoma, na desimali yake. Ujumbe uende kwenye kiswaswadu cha mkulima kabla hajaondoka kituoni, wenye namba nzima, sio ya kukadiria, na asiye na simu apewe karatasi. Karani akirekebisha uzito, mfumo uandike nani karekebisha, saa ngapi, kutoka namba gani kwenda ipi, na asiweze kuufuta mstari huo. Jioni jumla ya risiti ilinganishwe na jumla ya ghala. Hilo la mwisho peke yake lingefichua zile tani 2 siku ya kwanza, zikiwa bado ni kilo chache. Ukisema mteja hakuyaomba hayo, ni kweli. Mteja huwa hayaombi.

Muvi nyingine naipita haraka, ingawa ndiyo inayochekesha zaidi kwa watu wa kwetu. Jurassic Park, 1993. Kisiwa kizima cha madinosari kinalindwa na uzio wa umeme unaoendeshwa na programu ambayo mtu mmoja tu, Dennis Nedry, anaielewa. Nedry amekasirikia malipo, anazima ulinzi ili aibe viinitete akauze, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuingia kwenye mfumo wake. Watu wa Meatu na Itilima, ambao tembo wa hifadhini huwaingilia mashambani, hawahitaji kuelezwa maana ya mnyama mkubwa asiyeheshimu uzio. Sote tunamcheka Nedry kwa tamaa yake. Mimi namwangalia zaidi tajiri mwenye kisiwa, anayejisifu kwamba hakubania gharama popote, kumbe kwa mtu wa kompyuta ndiko alikobania. Na wale wengine wenye digrii zao, waliokubali mlango wote ukae kwenye kichwa cha mtu mmoja. Zipo ofisi nyingi zenye mfumo uliotengenezwa na kijana mmoja wa mkataba, nywila anaijua yeye, na yeye yuko Dubai.

Ile ya kuitazama polepole ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Ni ndefu, na kibandani ingerushiwa maganda ya karanga. Wanaanga wako njiani kwenda sayari ya Sumbula, chombo kinaendeshwa na kompyuta iitwayo HAL 9000. HAL anaua karibu wote. Watu husema kompyuta iliwehuka. Lakini angalia vizuri: HAL alijua lengo halisi la safari, na wale wanaanga wawili waliokuwa macho hawakuambiwa. Kuna mtu, ofisini, duniani, aliyeamua kwamba mashine ijue na wanaoitegemea wasijue. Mauaji yalianzia kwenye kikao.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hiyo si hadithi ya anga za mbali. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302 kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka dakika 6 hivi baada ya kuruka. Watu 157 walikufa. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya, 32. Ndege ilikuwa Boeing 737 MAX, na ndani yake mlikuwa na programu iitwayo MCAS iliyoweza kuinamisha pua ya ndege yenyewe, kwa kutegemea usomaji wa kihisi kimoja tu. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Kabla ya ajali hiyo ya kwanza, vitabu vya marubani havikuwa vimewaeleza kwamba programu hiyo ipo.

Kihisi kimoja. Wale wakulima wa magulio ya miaka ya 1950 wangekataa kuuza pamba kwa utaratibu huo.

Ujumbe wa ndani wa wafanyakazi wa Boeing, uliotolewa hadharani Januari 2020, ulionyesha baadhi yao wakiukejeli mradi wao wenyewe. Unaelewa maana yake? Walijua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Walicheka wao kwa wao kwenye meseji, kama tunavyocheka kwenye magrupu yetu kuhusu mfumo fulani mbovu. Kucheka kunapunguza presha ya mtu anayejua, basi. Abiria hanufaiki nacho chochote.

Turudi kwenye vitu vidogo, ambavyo ndivyo vyetu. Mwishoni mwa 2019 nchi nzima ilikuwa kwenye foleni za kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Usajili una sababu zake na sizibishii. Nauliza jambo la fani tu. Mikono iliyoshika jembe na kuchuma pamba miaka 40 alama zake hufifia. Hilo linajulikana kwa watu wa bayometria dunia nzima. Mashine ikimkataa bibi mara tatu, hatua ya nne ni ipi? Kama kwenye mchoro wako wa mfumo hakuna hatua ya nne, umeshaamua kuhusu maisha ya mtu ambaye hujawahi kumwona. Kuna muvi ya 1997, Gattaca, ambamo kila mlango wa kazi unafunguliwa kwa tone la damu, na aliyezaliwa na damu isiyotakiwa anabaki kufagia. Kilichoniuma humo ni kwamba hakuna mlango mwingine na hakuna mtu wa kumweleza.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mashine peke yake. Isome. Ni nyepesi kuliko desa la miundo ya data, na ina siku itakuokoa pale bosi atakapokuambia suala la bibi na kidole chake halituhusu.

Namaliza na muvi ya jirani, maana si lazima kila roboti atoke Hollywood. Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ilitoka mwaka 2009 na ina dakika 20 na ushei tu. Bando lako litatosha. Jina lake umeshalielewa bila mtafsiri. Vita ya maji imepita, ardhi juu imekauka, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi, wanakunywa maji yaliyochujwa kutoka kwenye jasho na mkojo wao. Mtu wa Meatu aliyewahi kufuata maji kwenye mchanga wa mto uliokauka haoni maajabu sana hapo.

Asha ni mtaalamu wa makumbusho humo ndani. Siku moja analetewa udongo usiojulikana umetoka wapi, anaupima, anakuta una unyevu na hauna sumu. Anapanda mbegu, inaota. Anaomba ruhusa atoke nje kwenda kuutafuta udongo ule. Baraza linamkatalia, na vipimo vyake vinaharibiwa. Ni swali la Dyson lilelile, udongo huu umetoka wapi, na jibu lilelile, usiulize. Asha anaendelea kuuliza.

Lakini ukiiangalia, usimkodolee macho Asha peke yake. Kuna mwanamke wa usafi wa chooni. Hana cheo wala kompyuta, na kwenye baraza hana kiti. Asha alikuwa na mazoea ya kumgawia maji kidogo kutoka kwenye mgao wake, na siku mambo yanapoharibika, huyo wa chooni ndiye anayemsaidia Asha kutoka. Tafuta jina lake kwenye muvi uone kama utalipata.